Kiyoyozi na umeme wa gari-nyumba: hesabu za Coaster inayolala pwani

Coaster, basi dogo la Toyota, iliyotolewa viti ikawekwa kitanda, jiko na friji haihitaji kifaa chochote cha kupoza ikilala Lushoto au Iringa. Fungua madirisha mawili, jifunike blanketi, basi. Shida inaanza ukiteremka Pangani, Kilwa au Watamu kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi. Saa sita usiku hewa bado ina nyuzi 26 au 27, unyevu umejaa, shuka zinanata mwilini, na feni inazungusha joto lilelile. Mwongozo huu ni wa gari hilo, mahali hapo, msimu huo. Mwenye Mitsubishi Rosa au Nissan Civilian atazitumia hesabu hizi bila kubadili kitu kikubwa, kwa kuwa nazo kwa kawaida zina mfumo wa volti 24 kama Coaster. Mwenye HiAce tutamgusa njiani.

Wengi huanza kwa kununua kiyoyozi, kisha betri ya kukitosheleza kwa pesa iliyobaki. Matokeo yake ni gari lenye baridi kali hadi saa saba usiku, halafu inveta inapiga king'ora na kuzima. Anza na usiku wenyewe: saa tisa za kulala, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kila kifaa utakachokinunua kipimwe kwa hizo saa tisa.

Hesabu zote hapa ni kwa uniti, zilezile unazonunua kwenye LUKU, mita ya kulipia umeme kabla. Uniti moja ni kilowati-saa moja: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja. Kujua betri ina uniti ngapi, zidisha volti kwa ampea-saa, gawa kwa 1,000. Betri ya volti 25.6 (lithiamu ya mfumo wa volti 24) yenye ampea-saa 200 ina uniti 5.12.

Jambo moja la lugha kabla hujaenda dukani. Neno "inveta" lina maana mbili. Kiyoyozi cha inveta ni kile ambacho kompresa yake hupunguza na kuongeza kasi badala ya kuwaka na kuzima. Inveta ya betri ni boksi linalogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani wa volti 230. Ukimwambia muuzaji "nataka AC ya inveta", anaweza kukupa kiyoyozi cha kawaida akidhani unakusudia kukiendesha kwa inveta. Soma lebo mwenyewe: kiyoyozi cha inveta huandikwa wati za chini na za juu, kwa mfano 200 hadi 1,100. Kilichoandikwa namba moja tu, aghalabu si cha inveta.

Zuia joto lisiingie

Coaster ilijengwa abiria waone nje, kwa hiyo ni kioo pande zote. Mita moja ya mraba ya kioo cha kawaida inayopigwa na jua moja kwa moja huingiza zaidi ya wati 500 za joto. Mita tatu za mraba upande wa jua la alasiri ni wati 1,500, na kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) huondoa wati 2,600 hivi. Yaani zaidi ya nusu ya kazi yake imeliwa na madirisha kabla hujawasha jiko.

Pazia la ndani halitoshi, kwa sababu jua likishavuka kioo joto limekwisha kuingia. Ziba kabisa madirisha usiyoyahitaji kwa bati na povu, bakiza mawili ya kitandani, moja la jikoni na lile la mlango. Yaliyobaki, pamoja na kioo kikubwa cha mbele, yashonee vifuniko vya nje vya turubai jeupe au la fedha.

Kwenye kuta na paa bandika povu lenye vitundu vilivyofungwa, lile jeusi la mpira linalofungwa kwenye mabomba ya viyoyozi, au mbao za povu gumu. Usitumie sponji ya godoro wala pamba ya kioo iliyoachwa wazi. Pwani vitu hivyo hunyonya mvuke, hubaki vimelowa nyuma ya ubao, na bati linaoza kwa kutu usiyoiona hadi itokeze nje. Paa la Coaster ni kama mita 12 za mraba. Bati lake likifika nyuzi 62 adhuhuri na ndani pakiwa 27, povu la milimita 25 huruhusu karibu wati 500 kupita. La milimita 50 huruhusu karibu 260. Kama kimo chako kinaruhusu, weka 50 darini na 25 kutani. Usisahau mbavu za chuma za bodi: ziache wazi na zitapitisha joto kama pasi.

Sola paneli nazo ni kivuli. Zikiwekwa juu ya reli zikaacha nafasi ya sentimita 4 au 5 kutoka kwenye bati, paa chini yake halipigwi na jua kabisa na upepo unapita katikati. Paneli iliyogundishwa moja kwa moja kwenye bati hupika paa, nayo inajipika.

Halafu kuna mianya. Mlango wa kukunja wa Coaster ya zamani huvuja hewa juu na chini, na hewa ya pwani inaingia na maji yake, ambayo kiyoyozi kitalazimika kuyatoa tone kwa tone kwa umeme wa betri yako. Subiri jioni yenye upepo, funga kila kitu, washa kijiti cha udi na ukipitishe polepole kando ya mpira wa mlango, kingo za madirisha, tundu la usukani na mahali nyaya zinapopenya sakafu. Moshi ukipinda, hapo pana mwanya. Weka alama kwa chaki, kesho yake ziba kwa mpira mpya au silikoni. Kazi hii ni ya nusu saa, na hakuna inayolipa kuizidi katika mwongozo huu wote.

La mwisho, weka pazia zito kati ya kitanda na sehemu nyingine ya gari, kuanzia darini hadi sakafuni. Usiku huna haja ya kupoza jiko na usukani.

Kiyoyozi kipi

BTU 12,000 ni wati 3,500 za ubaridi, 9,000 ni wati 2,600. Kwa Coaster iliyozibwa joto kama tulivyoeleza, 9,000 inatosha. Kishawishi cha kununua 18,000 ni kikubwa na ni kosa. Pwani, kinachokunyima usingizi ni unyevu kuliko joto. Kiyoyozi kikubwa mno hushusha nyuzi kwa dakika chache, kinapunguza kazi kabla maji hayajatoka hewani, nawe unabaki kwenye ubaridi wenye majimaji kama pango. Kidogo kinachofanya kazi mfululizo hukausha hewa, na nyuzi 26 zenye hewa kavu ni usingizi mzuri.

Kiyoyozi cha injini kilichokuja na gari usikitoe. Hakifai kulalia, kwa sababu injini lazima iwake, lakini kina kazi muhimu: saa ya mwisho ya safari kiwashe kwa nguvu zote, na pazia la kitandani likiwa wazi. Kuta, godoro na vyombo vinapoa kwa nguvu ya injini, na betri haianzi usiku kwa kupambana na gari lililooka mchana kutwa.

Viyoyozi vya juu ya paa vinavyoonekana kwenye video za Wamarekani, vya BTU 13,500 au 15,000, vingi ni vya volti 120 na hezi 60 (hezi ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Transfoma itarekebisha volti, hezi hairekebishi. Kwenye umeme wetu wa hezi 50 mota yake huzunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, huvuta ampea zaidi na koili zake huchemka. Vipo vya Ulaya vya volti 230 na hezi 50, kama Dometic FreshJet na Truma Aventa, na hivyo vinafaa kitaalamu. Angalia tundu tu: vya Marekani hutaka mraba wa sentimita 36 hivi, vya Ulaya 40. Vingi vya kundi hili kompresa yake ni ya kuwaka na kuzima, huvuta wati 1,000 hadi 1,500 kila inapowaka, na hula nafasi ya paneli mbili. Kwa mtu anayelala kambini kwenye soketi kila siku, sawa. Kwa anayetegemea betri, hapana.

Vile viyoyozi vya malori vya volti 24, madereva wa masafa marefu wanavyovifunga kwenye kabini, vina faida ya kweli: havihitaji inveta ya betri, kwa hiyo unaokoa hasara ya kugeuza umeme. Tatizo lake ni matangazo. Pima mwenyewe hivi. Zidisha volti kwa ampea zilizoandikwa: volti 24 kwa ampea 25 ni wati 600. Kiyoyozi kidogo kizuri hutoa wati 2.5 hadi 3.5 za ubaridi kwa kila wati ya umeme, kwa hiyo wati 600 zitakupa kama 1,800 za ubaridi, yaani BTU 6,000 hivi. Tangazo likidai 12,000 kwa ampea hizo, lebo inadanganya. Kwa HiAce, ambayo ndani ni ndogo na wengi hawana pa kutundikia kondensa (kipande cha nje cha kiyoyozi), kiyoyozi cha aina hii cha volti 12 ndicho tungekipendekeza.

Kwa Coaster chaguo letu ni kiyoyozi cha kawaida cha ukutani, cha inveta, BTU 9,000, gesi ya R-32 au R-410A. Kinakula umeme kidogo kwa ubaridi uleule, na fundi wake na vipuri vyake unavipata Mtwara, Tanga na Malindi. Udhaifu wake ni mmoja: kilitengenezwa kwa ukuta usiotikisika. Kwa hiyo ufungaji ndio kila kitu.

Kipande cha nje, kilo 22 hadi 28, kifungwe nyuma ya gari kwenye fremu ya chuma iliyoshikwa na chesisi, kamwe si kwenye bati la bodi. Chini ya miguu yake weka mipira mizito. Kisimame wima, na nyuma yake pawe na nafasi ya sentimita 15 angalau, mbele pasizibwe na kitu. Chini ya sakafu usikiweke, maana vumbi na matope vitaziba mapezi yake ndani ya wiki moja. Mabomba ya shaba, kabla ya kuingia kwenye kipande cha nje, yapigwe mzunguko mmoja mpana wa sentimita 20 hadi 25. Mzunguko huo hucheza gari linapotikisika, na bila huo mtikisiko wote unaishia kwenye nati, shaba inapasuka shingoni. Sehemu iliyonyooka ishikwe kwa klipu zenye mpira kila sentimita 40.

Msimamie fundi kwenye jambo moja. Baada ya kuunga mabomba, avute hewa kwa pampu ya vakyumu dakika 20 hadi 30, kisha aifunge pampu na kuangalia geji kwa dakika kumi. Mshale ukirudi, pana uvujaji au maji. Mafundi wengi husukuma hewa nje kwa kufungulia gesi kidogo na kusema imetosha. Maji yanayobaki ndani huganda kwenye vali au kuchachusha oili ya kompresa, na kompresa inakufa mwaka wa pili huku kila mtu akilaumu barabara. Baada ya kilomita 200 za kwanza za vumbi, paka povu la sabuni kwenye nati zote nne na utazame kama linatoa mapovu.

Wakati wa safari funika uso wa kipande cha nje kwa turubai. Feni yake ikizungushwa na upepo wa mwendo huzalisha umeme unaorudi kwenye bodi ya elektroniki, na unaweza kuiunguza. Ukifika, turubai litoke kabla ya kuwasha.

Na maji. Usiku wenye unyevu mwingi kipande cha ndani hutoa nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Bomba la kutolea maji hutegemea mteremko, na nyumba haiegemei upande ila gari huegemea. Ukiegesha gurudumu la kushoto kwenye kilima kidogo cha mchanga, maji yanarudi nyuma ya trei na kudondoka kichwani mwa aliyelala. Toboa tundu la pili upande mwingine wa trei kama umbile lake linaruhusu. Kama haliruhusu, gundisha kipimamaji kidogo ukutani na uegeshe kila mara gari likiinama kuelekea bomba.

Uniti za usiku mmoja

Kiyoyozi cha BTU 9,000 kikipoza gari zima kwa nyuzi 26 huvuta wastani wa wati 400 usiku kucha: saa ya kwanza 900, baadaye kinashuka. Saa tisa ni uniti 3.6. Friji ya volti 24, 0.3. Feni ndogo, taa na simu, 0.15. Inveta ya betri yenyewe hula wati 40 hivi hata ikiwa haina kazi, hiyo ni 0.36. Hasara ya kugeuza umeme, 0.4. Jumla uniti 4.8.

Betri ya lithiamu ya uniti 5.12 ukiitumia hadi asilimia 90 inakupa 4.6. Haifiki asubuhi. Una njia mbili: ununue ya ampea-saa 300, yenye uniti 7.68, au ufunge pazia la kitandani. Pazia hushusha wastani wa kiyoyozi hadi wati 300 hivi, na jumla inakuwa uniti 3.8. Betri ileile sasa inafika saa kumi na mbili na akiba ya robo. Kitambaa kimefanya kazi ya uniti nzima.

Betri na inveta

Betri za gari, N70 na N100, zitengwe kabisa na shughuli hii. Zimeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukizinyonya usiku kucha zinakufa ndani ya miezi. Betri za jeli za sola ni afadhali, lakini usizitumie chini ya nusu: moja ya volti 12 na ampea-saa 200 inakupa uniti 1.2 tu na uzito wa kilo 60 hivi. Ungehitaji nne, kilo 240, kupata kinachotolewa na lithiamu moja ya kilo 50. Chukua lithiamu ya chuma-fosfeti, na ubaki kwenye volti 24 ili iendane na altaneta (kizalisha umeme cha injini) na taa za gari. Zile za volti 51 za kufungwa majumbani zinapatikana kirahisi, ila kuzichaji kutoka kwenye injini ya volti 24 ni mzunguko usio wa lazima.

Soma uwezo wa bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri. Ikiandikwa ampea 100, betri hiyo itatoa wati 2,560 na si zaidi, hata ukiifunga na inveta ya wati 3,000. Birika la wati 2,000 likiwaka kiyoyozi kikiwa kazini, gari zima linakuwa giza. Tafuta ya ampea 150 au 200.

Betri za lithiamu zenye uniti za uongo zipo sokoni. Kwanza pima uzito: ya uniti 5 iliyo na kilo 30 si ya uniti 5. Pili ichaji ijae, funga mzigo wa wati 500 kupitia inveta, angalia saa. Betri ya kweli ya uniti 5.12 itakwenda saa tisa hivi. Ikizima baada ya tano, umeuziwa nusu, irudishe muda wa kurudisha haujapita.

Betri ikae ndani, chini ya kitanda, imefungwa kwa mikanda ya chuma kwenye sakafu. Kilo 50 zikiruka gari linapofunga breki zinaua. Usiiweke kwenye boksi la nje karibu na bomba la moshi: betri nyingi za aina hii hukataa chaji zikifika nyuzi kati ya 45 na 55, nawe utadhani sola imeharibika.

Inveta iwe ya wimbi safi. Ile ya bei rahisi ya wimbi la ngazi huunguza bodi ya kiyoyozi. Kwa kuwa kiyoyozi cha inveta huanza polepole, wati 2,000 zinakitosha pamoja na vitu vidogo. Ukitaka birika na pasi, nenda 3,000. Ukinunua inveta ya nyumbani yenye chaji ya sola ndani, tazama volti za chini za upande wa sola. Nyingi hutaka volti 90 au 120 ndipo ziamke, na paneli mbili kwa mfululizo hazifiki.

Nyaya

Hapa ndipo magari yanapoungulia. Inveta ya wati 3,000 kwenye volti 24 huvuta ampea 130, na kwenye volti 12 huvuta 260. Volti zinazopotea njiani zinapatikana hivi: mara mbili ya urefu wa waya kwa mita, mara ampea, mara 0.0175, gawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Mita 3, ampea 130, waya wa 35: volti 0.39, ambayo ni asilimia 1.5. Inakubalika, ingawa kwa joto la pwani tungechukua waya wa 50. Kwa volti 12 waya wa 70 wenye shaba nene mara mbili bado unapoteza asilimia 3. Ndiyo maana mwenye HiAce anashauriwa kukwepa inveta kubwa.

Waya mwingi unaouzwa kama shaba ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, achana nao. Ule waya bora wa boti ni kinyume chake, mweupe nje na mwekundu ndani, na kwa hewa ya chumvi ndio unaofaa.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye chanya ya betri. Sakiti breka za nyumbani, zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 230, zisiwekwe upande wa betri. Umeme wa betri hausiti kama ule wa TANESCO au KPLC, hivyo cheche ikishaanza ndani ya breka hiyo haizimiki. Tumia zilizoandikwa kwa umeme wa moja kwa moja (DC), na ufuate alama za chanya na hasi.

Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo la haidroli, si kwa nyundo. Kiungo kilicholegea kidogo, chenye ukinzani wa miliomu 2 tu, kikipitisha ampea 100 huzalisha wati 20 za joto mahali padogo kama ncha ya kidole gumba. Baada ya saa moja ya mzigo mkubwa, zima, kisha gusa kila kiungo kwa mgongo wa kidole. Kinachochoma kuliko wenzake kifunguliwe na kufungwa upya.

Umeme utoke wapi

Paa la Coaster linapokea paneli za wati 440, zenye kama mita 1.76 kwa 1.13, zikilazwa kukingama. Nne huchukua mita 4.5 za urefu na kuacha nafasi ya feni ya paa. Nne ni wati 1,760. Zidisha kwa saa tano za jua kamili, kisha kwa 0.7 kwa ajili ya joto, vumbi na kulala bapa, upate kama uniti 6 siku ya kaskazi isiyo na mawingu. Tatu zinakupa 4.6, ambazo ni usiku mmoja na friji ya mchana bila ziada. Wakati wa masika hesabu nusu.

Zifunge mbili-mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo sambamba. Paneli moja ina volti kama 39 ikiwa haina mzigo, mbili ni 78, salama kwa kontrola (kifaa kinachoongoza chaji ya sola kwenda kwenye betri) ya volti 100. Tatu ni 117, na kontrola hiyo inakufa asubuhi ya kwanza. Kwa paneli nne chukua kontrola ya volti 150 na ampea 70.

Kivuli cha kuti moja la mnazi likilala kukata paneli kinaweza kuchukua theluthi au zaidi ya umeme wake. Egesha wazi hadi saa tisa alasiri, betri ikijaa, ndipo usogee chini ya mwembe.

Altaneta isiunganishwe moja kwa moja na lithiamu. Betri hiyo hunyonya kila kinachotolewa na altaneta inachemka hadi kuungua. Weka chaja ya kati, volti 24 kwa 24, ampea 20: inatoa wati 500 hivi, na safari ya saa nne inarudisha uniti 2.

Jenereta ndogo ya petroli ya kVA 2 ni akiba ya siku za mvua. Iendeshe mchana, ikijaza betri, mita kadhaa kutoka kwenye gari, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Usilale ikiwaka chini ya dirisha. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, na gari lililozibwa mianya vizuri ndilo hatari zaidi. Hali kadhalika jiko la mkaa: kamwe lisiingizwe ndani, hata likionekana limezimika. King'ora cha gesi hiyo kifungwe karibu na mto.

Ukipata soketi ya ampea 13 kwenye kambi, pitisha umeme kwenye kifaa cha kulinda friji, kwa sababu jioni volti hushuka. Kebo iwe ya milimita 2.5, na kibiringita chake kifunguliwe chote: kebo iliyobaki imeviringwa hujichemsha yenyewe hadi plastiki inayeyuka. Kwenye gari weka breka ya uvujaji ya miliampea 30. Kumbuka kwamba breka hiyo haifanyi kazi kwenye umeme wa inveta mpaka nyutro ya inveta iunganishwe na chesisi, na muunganisho huo lazima ukatike ukichomeka umeme wa nje. Inveta nyingi nzuri hufanya hivyo zenyewe. Muulize fundi akuonyeshe kwa mita, asikuambie kwa mdomo.

Usiku wa majaribio

Kabla ya safari, lala garini usiku mmoja nyumbani. Pazia limefungwa, kiyoyozi nyuzi 26, feni yake kasi ya chini, betri ya uniti 5.12 imejaa saa tatu usiku. Andika asilimia ya betri kila baada ya saa tatu. Gari lililo sawa linasoma karibu 66 saa sita, 46 saa tisa, 26 saa kumi na mbili asubuhi. Likisoma 50 saa sita, usikimbilie kununua betri ya pili. Washa tena kijiti cha udi, anza na mlango.